Nilienda kutengeneza friza nikabaki na maharage ya mawese, Ngarenaro Arusha

Naanza na ukweli ili baadae mtu asije akasema nimehongwa. Mama mwenye hiki kibanda cha chakula nilimfanyia kazi, mi ni fundi wa mafriji na mafriza, alinilipa hela yangu yote mkononi na sahani ya kwanza alikataa katakata kupokea pesa, kwaiyo hiyo sahani siihesabu, naongelea zile saba au nane nilizokula baada ya hapo kwa hela yangu mwenyewe kuanzia mwezi wa sita mpaka juzi jumanne.

Mahali penyewe hapana jina. Hakuna bango wala nini, kuna ubao mweusi umeandikwa kwa chaki CHAKULA TAYARI alafu chini yake kwa herufi ndogo ndogo "mawese yapo", na hilo la chini ndo limegeuka jina. Ukitokea soko la Kilombero kuingia upande wa Ngarenaro usiulize mgahawa maana utaonyeshwa kumi, we uliza kwa mama wa mawese, hata chalii wa mkokoteni anakupeleka. Ni mabati, meza tatu zenye plastiki la maua, mabenchi marefu, ndoo ya kunawia yenye koki inayovuja, na majiko ya mkaa nje chini ya kipande cha turubai. Watu kumi na wawili wakikaa bas pamejaa, wa kumi na tatu anakula amesimama.

Sasa maharage. Najua mtu anasoma anasema maharage nayo ya kuandikiwa? Subiri. Sisi wa Chuga, yani Arusha, maharage tunayajua vizuri, tumeyala shule, tumeyala kwenye makande, na kwa mama ntilie wengi yanakuja yanaogelea kwenye maji ya nyanya. Ya huyu mama hayana nyanya kabisa. Yanachemshwa alfajiri mpaka yanalainika, yanawekwa pembeni, alafu sufuria nyingine inabandikwa na hapo ndo nilisimama kuangalia maana kazi yangu ilikuwa imefika pa kusubiri na sikuwa na la kufanya. Mawese yanaingia sufuriani mekundu mazito, yani ile rangi ya oksaidi tunayopaka mageti kabla ya rangi yenyewe. Yakipata moto yanaanza kupauka, ule wekundu unageuka kama chungwa, alafu moshi mwembamba unaanza kupanda. Anausubiri huo moshi. Nikamwambia mama yanaungua hayo, akacheka, akasema fundi ukitia kitunguu kabla ya moshi utayasikia mawese kooni mpaka usiku. Vitunguu anakata duara na anaweka vingi, mi kwa macho yangu niliona kama nusu ya maharage yenyewe, vikishakuwa kahawia anamwaga maharage na kimchuzi chake kidogo, chumvi, pilipili mbuzi nzima bila kupasua, anafunika. Hamna kingine. Hamna royco, hamna karoti, hamna hoho.

Nilikula na ugali nikanyamaza. Mi huwa naongea sana nikila, mke wangu anajua.

Ugali una wa aina mbili, sembe na muhogo. Wa muhogo kama hujazoea utaona kama unakula gundi, unanata kwenye vidole na inabidi umeze bila kutafuna sana, mimi mara ya kwanza nilishindwa, mara ya tatu nikaanza kuuelewa, saivi naomba nusu kwa nusu na yule binti anayehudumia ananisema eti fundi umekuwa mtu wa ziwani. Sombe ni kisamvu kilichotwangwa haswa, sio kile cha kusagwa kwa mashine kinachotoka kama uji wa kijani, hiki unaona nyuzi nyuzi, kina bilinganya na karanga kwa mbali na mawese tena. Sombe ni tamu ila nzito, ukila mchana usipange kupanda ngazi.

Alafu kuna mgebuka. Kwa wasiojua ni samaki wa ziwa Tanganyika, mwembamba mrefu, Warundi wanamwita mukeke, na huku kwetu kumpata ni shughuli maana sisi tumezoea sato na sangara wa Mwanza na dagaa. Anakuja mkavu kwenye boksi kwa basi la kutoka Kigoma pamoja na mawese kwenye madumu. Mama anamloweka, anamkaanga kidogo, anamrudisha kwenye mchuzi wa kitunguu na ndimu. Nyama yake ina mafuta na harufu ya moshi, siku akiwa vizuri ni chakula cha kumpeleka mkwe. Siku nyingine chumvi imezidi mpaka unakunywa maji lita nzima, na hilo nimemwambia.

Bei ni maharage na ugali buku mbili, ukiongeza sombe buku mbili na jero, ukitaka na mgebuka inafika buku tano. Kwa Kilombero hiyo buku tano sio ndogo, kuna jamaa wanalalamika, lakini ukifikiria huyo samaki katoka wapi mpaka kafika hapa utalipa.

Sasa niongelee kitu ambacho kilinitia aibu na nakiweka hapa kwa sababu najua sio mimi peke yangu. Siku ile ya kwanza nimelala chini nyuma ya friza naangalia kapasita, kile kidude cha kusaidia mota kuanza, nikasikia lafudhi ya mama nikamuuliza mama kwani we mtu wa wapi. Akasema Katumba. Nikasema sawa lakini asili? Akasema Mpanda. Nikasema hapana mama namaanisha asili asili. Akaweka mwiko chini akasema fundi, we asili asili yako wapi? Nikanyamaza kidogo, maana mimi Mrangi, babu yangu alitoka Kondoa akaja hapa kufanya kibarua kwenye kahawa ya wazungu, na tangu nizaliwe Arusha hii hakuna Mwarusha hata mmoja amewahi kuniuliza mara tatu mfululizo kwamba natokea wapi.

Baadae alinisimulia mwenyewe bila kuuliza. Mama yake alivuka mpaka kuja Tanzania mwaka 1972, ule mwaka wa mauaji makubwa Burundi, akiwa na mimba ya kaka yake wa kwanza. Wakapelekwa Katumba kule Mpanda, wengine Ulyankulu kule Tabora, na baadae wengine Mishamo. Pori tupu, wakapewa ardhi na vifaa vya kulimia. Ule msemo wetu wa mgeni siku ya tatu mpe jembe sisi tunausema kwa utani mtu akizidisha siku sebuleni, wale walipewa jembe kweli, na kufika katikati ya miaka ya 80 walikuwa wanajilisha wenyewe na mahindi yao na mihogo na tumbaku wanauza. Yeye kazaliwa hapo hapo Katumba mwaka 1980. Kasoma hapo, kaolewa hapo. Uraia kaupata mwaka 2014, ule mwaka Kikwete alipoanza kugawa vile vyeti kwa watu zaidi ya laki moja na sitini elfu wa mwaka 72. Piga hesabu, miaka 34 mtu ni mkimbizi kwenye nchi aliyozaliwa.

Na watu wakisikia Burundi wanamuuliza ulikuwa kambi gani, Nyarugusu au Nduta, anachoka. Anasema Nyarugusu imefunguliwa 1996 mimi nishamaliza darasa la saba zamani, na Katumba sio kambi ya kukaa unasubiri mgao wa unga, ni makazi, watu wana mashamba na makanisa na timu za mpira. Mpango wa kwanza wa serikali ulikuwa hao raia wapya watawanywe mikoani, baadae ukaachwa wakaruhusiwa kubaki pale pale walipo. Mama anasema "mimi nikaona basi nitajitawanya mwenyewe", mume wake ni fundi wa kujenga, akapata kazi ya tofali huku kwetu, wakaja.

Halafu ana hadithi moja ya Arusha ambayo akianza kuisimulia wateja wa zamani wanaimalizia. Anasema kati ya 1998 na 2000 mama yake alikuwa hatoki redioni, maana mazungumzo ya amani ya Burundi yalikuwa yanafanyika hapa, mwalimu Nyerere ndo msuluhishi mpaka alipofariki mwaka 1999 na mzee Mandela akapokea, mkataba ukasainiwa tarehe 28 mwezi wa nane mwaka 2000. Kila jioni redio ni Arusha, Arusha, Arusha. Yeye akawa anaifikiria Arusha kama ukumbi mmoja mkubwa wenye mazulia ambapo wakubwa wanakaa wanakula. Siku ameshuka kwenye basi amebeba mtoto na ndoo, vumbi, makonda wanavuta mizigo, akamwambia mume wake hapa sipo umekosea. Sasa anasema wale walikuja kula hapa wakati wanatuongelea sisi, na mimi nimekuja kuwalisha ninyi.

Kupata hiyo fremu haikuwa rahisi. Mwenye nyumba wa kwanza alikubali kila kitu, siku ya kulipa akasikia lafudhi akasema kodi ni ya mwaka mzima, wengine wote pale walikuwa wanalipa miezi mitatu mitatu. Hapa alipo kapaingia kupitia mama wa mtori. Huyu ni Mchaga wa Marangu, ana kibanda chake upande wa pili wa barabara, anauza mtori asubuhi na ndizi nyama mchana, sauti kubwa, anamgombeza kila mtu mpaka bwana afya. Alimkuta mama anauza maharage kwenye ndoo akizunguka nayo sokoni, akayaonja, akamwambia wewe unahangaika na jua la nini, akampeleka kwa mwenye mabati. Alafu akamuingiza kwenye vikoba vyao. Wanaojua vikoba wanajua hapo sio pa kuingia tu, unahitaji wadhamini, ukikimbia na mkopo wao ndo wanalipa, na kikundi kile kulikuwa na wamama waliosema waziwazi huyu akirudi kwao Burundi tutamfuata wapi. Mama wa mtori akajibu kwao ni Mpanda, nauli naijua, nitamfuata mimi. Ndo lile friza likanunuliwa kwa mkopo wa kwanza. Mtumba, limekuja na kutu chini, lakini kompresa yake nzima, hiyo nathibitisha mimi.

Ila yeye mwenyewe ukimuuliza mtaa ulimkubali lini hakuambii vikoba. Anasema ni msiba. Jirani mmoja alifiwa na mtoto, mama hakuwa anamjua vizuri hata, akafunga kibanda siku mbili akaenda kuosha masufuria na kupika, wakati wa kutoa rambirambi jina lake likasomwa pamoja na la wenzake wa mtaa huu. Tangu hapo akawa mtu wa hapa. Na ndo maana naingia kwenye malalamiko, kwa sababu lalamiko la kwanza ni hilo: kukiwa na msiba mtaani anafunga, hata kama umetoka Njiro kwa vifodi viwili, yani daladala mbili, na mtaa ule una misiba. Hakuna namba ya kupiga kuuliza, unafika unakuta turubai limeshushwa. Jumapili pia hayupo, yuko kanisani mpaka jioni.

Lingine ni muda. Ukifika saa saba mchana jipange, binti wa kuhudumia ni mmoja, na oda anashika kichwani, mara mbili nimeletewa sahani ya mtu. Choo hakuna, unavuka kwa mama wa mtori na yeye anakuangalia kama umekuja kuiba. Moshi wa mawese unakaa kwenye nguo, mke wangu alinipokea mlangoni akaninusa akauliza umepita wapi, na likikudondokea kwenye shati jeupe hilo doa utazikwa nalo. Lakini kubwa kuliko yote ni hili na namwambia hapa hapa kwa sababu usoni nilishamwambia: mawese yakichelewa kutoka Kigoma anapikia alizeti na hasemi. Ubao unaendelea kusema mawese yapo. Nilikula siku moja nikaona mbona rangi imepoa, mbona koo halina kitu, nikamuuliza akasema "yatafika kesho fundi" kana kwamba ndo jibu. Mama futa ubao hata kwa siku moja, watu wanavuka mji kwa ajili ya hayo mafuta.

Huduma nyingine nampa sifa, hasa yule binti. Ni Mmeru wa Tengeru, mdomo anao. Siku moja nipo hapo akaingia jamaa wa bajaji, kaja na wenzake, akasema kwa sauti ya kutaka watu wacheke, eti hiki ndo chakula cha wakimbizi? Kibanda kikapoa. Mama yuko jikoni kasikia, mgongo tu unaonekana. Binti wala hakusimama, anafuta meza, akamwambia hapana kaka, cha wakimbizi kilikuwa cha bure, hiki buku mbili. Watu waliangua kicheko mpaka jamaa mwenyewe akacheka, akakaa, akala, akaongeza maharage. Saivi namkuta pale mara kwa mara.

Na siku hiyo hiyo kulikuwa na mzee mmoja naye wa Tengeru, baba wa makamo ya mwisho kabisa, fimbo na koti la sufu maana ilikuwa baridi ile ya mwezi wa saba, akasema ninyi watoto mnadhani mkimbizi ni mtu mweusi. Akatusimulia Wapolandi. Mimi nimezaliwa Arusha na nilikuwa najua kuna makaburi ya wazungu Tengeru lakini sikuwahi kujua ni kina nani, nikadhani masetla. Kumbe wakati wa vita kuu ya pili waliletwa pale Wapolandi kama elfu tano, wengi wanawake na watoto, walikuwa wamefukuzwa kwao na Wasovieti wakapelekwa Siberia, wakatoka kupitia Irani, kuanzia mwaka 1942 wakaanza kuletwa Afrika mashariki na Tengeru ikawa kambi yao kubwa. Walikaa kwenye vibanda vya duara, wakajenga kanisa na shule, wakalima. Vita imeisha nchi yao imeshachukuliwa na wakomunisti wengi hawakutaka kurudi, wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia, na makaburi kama mia na hamsini yamebaki pale karibu na ziwa Duluti. Mzee anasema baba yake alikuwa anawapelekea ndizi na maziwa na wao wanampa sabuni, na mzungu mmoja mwanamke alimfundisha kushona vifungo. Jamaa wa bajaji akauliza wazungu? Walikaa kambini? Mzee akasema tena kwenye nyumba kama hizi za mama zako. Nilipita kuyaona makaburi wiki iliyofuata nikiwa natoka kazini Usa River, yamefungwa uzio, yanatunzwa, misalaba imepangwa mistari. Nikasoma miaka kwenye mawe, kuna watoto pale.

Haya turudi kwenye chakula. Kwa nyota tano mi natoa nne, moja nimeikata kwa ajili ya alizeti na siirudishi mpaka ubao uwe unasema kweli. Ukienda mara ya kwanza agiza maharage na nusu ugali wa muhogo nusu sembe, mgebuka muulize kwanza kama leo chumvi iko sawa, atakwambia ukweli kwenye hilo. Fika kabla ya saa sita. Pilipili ile nzima ikija kwenye sahani yako usiipasue kwa kujionyesha, nimeona mwanaume mzima analia. Kulipa kuna lipa namba ila jina litakalotokea ni la mume wake usishtuke.

Kuhusu friza, wiki iliyopita umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu na ile kapasita niliyofunga ikaondoka, na dukani kwa vipuri wakasema mpaka jumamosi. Boksi zima la migebuka lilikuwa ndo limefika, na mama akishawaloweka hawangoji. Wakahamishiwa kwa mama wa mtori, kwenye friza lake la soda na maji, yeye anapiga kelele tangu wanavuka barabara, anasema harufu hii nitawaambia nini wateja wangu, huku anapanga chupa pembeni kuwapa nafasi. Juzi jumanne nikakaa kwake nikaagiza mtori na soda ya baridi. Nikafungua, nikaweka mdomoni, chupa inanuka ziwa Tanganyika. Nikamwambia mama hii soda ina samaki. Akasema kunywa wewe, si ndo wewe fundi uliyesema jumamosi, alafu akaita kwa sauti kuvuka barabara waniletee na maharage, alipe nani hajasema.